Upawa wa Kuyakalisha Maji

Oktoba 26

Muuguzi wa zahanati aliponipima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akapima tena, aliniuliza kama nyumbani kuna mtu ninayegombana naye. Nikamwambia nyumbani hakuna mtu, ndiyo maana nagombana na majirani. Akasema, "Mama Sidoni, kila neno linalokupanda kichwani, liandike kabla hujalitamka."

Basi nimeanza. La kwanza: Eulali ameongeza benchi kwenye banda lake la chakula, na miguu miwili ya benchi hilo imesimama upande wangu wa uwanja. Nimeliandika. Bado limenipanda.

Oktoba 29

Mvua. Wateja wawili, mmoja wao mbuzi.

Novemba 3

Niandike habari za Mkwe, ili hata hii damu yangu ijue ninaishi na nini.

Mkwe ni mwamba. Amelala ndani ya mto Ubangi karibu kutoka ukingo hadi ukingo, hapa hapa mbele ya banda langu. Wazee walimwita hivyo kwa kuwa humpiti umesimama wima. Unapita umeinama, kwa adabu, au hupiti. Maji yakijaa kama sasa haonekani, na meli zinazosukuma matishari kutoka Brazzaville kwenda Bangui hutupita kama tajiri aliyemwona ndugu wa kijijini: mkono juu, mwendo ule ule. Lakini Desemba maji yakianza kushuka, Mkwe hutoa mgongo. Msafara utakaochelewa hufunga kamba hapa Kpala na kukaa hadi Aprili. Mabaharia hawana pa kwenda, ila wana matumbo. Mji huu umejengwa kwa matumbo hayo. Zahanati, kanisa, bati la Eulali ambalo hakuna siku inayopita bila kulitaja, vyote vimetokana na watu waliokwama.

Mimi nilipata zaidi ya bati. Miaka kumi na miwili iliyopita alipanda ukingo huu nahodha mmoja mwembamba, akavua kofia, akasema, "Mama, tumekwama. Kuna chakula?" Nikampa kisamvu cha karanga na samaki wa moshi. Alikula hadi Aprili. Mwaka uliofuata alileta mbuzi na vitenge kwa kaka zangu, mambo yakawa halali. Anaitwa Anselmi. Kila Desemba hupanda ukingo, huvua kofia ile ile, husema maneno yale yale, na mji mzima hucheka. Kila Aprili maji hupanda, naye huondoka. Huko Brazzaville ana dada na paa linalovuja. Mke, anaapa, hana.

Kwa watu wengine Mkwe ni jina tu. Kwangu ni mkwe kweli, maana ndiye aliyenioza.

Wala sijawahi kumwuliza Anselmi: usingekwama, ungekaa? Mwanamke mwenye akili haulizi swali ambalo mwamba unamjibia.

Novemba 8

Amekuja msichana kutoka Bangui kwa pikipiki, na buti za mpira na sanduku la vifaa. Anaitwa Blandini, ni mhandisi wa njia za maji. Alikaa kwangu, si kwa Eulali, nikampenda papo hapo. Alikula sahani mbili za koko, yale majani ya msituni tunayoyakatakata kama mboga, na ugali wa muhogo huku akitazama mto kama mtu anayemtazama mchumba.

"Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Nimekuja kumtafutia Mkwe mlango, mama."

"Mlango gani tena?"

"Upande wa kushoto, kati ya mwamba na kisiwa, kuna mfereji. Mwembamba, lakini una kina. Ukiwekewa alama vizuri, msafara unapita hata Januari. Pengine Februari."

"Bila kusimama?"

"Bila kusimama!" alisema kwa furaha, kama anatangaza harusi.

Nikamnyang'anya sahani. Hapana, hiyo ni kutia chumvi. Niliiondoa mezani kabla hajausafisha mchuzi wa mwisho, jambo ambalo ni afadhali kidogo tu.

Novemba 12

Mkutano kwa Makunji, mkuu wetu wa mji, ambaye hajawahi kukata shauri lolote ambalo mto unaweza kumkatia.

Blandini alisimama na karatasi zake. Akasema Bangui kila Januari chumvi na saruji hupanda bei kwa sababu ya mwamba huu mmoja. Akasema kuna mafundi wanaokaa mikono mifukoni hadi Aprili, nyumba zina kuta hazina sakafu. Akasema hata kahawa ya mashamba yaliyo nyuma yetu hapa inaoza ghalani, maana nani atapakia mzigo kwenye meli isiyojua itaondoka lini?

Eulali akanyanyuka. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe, nikajua leo tuko pabaya.

"Mwanangu, karibu. Umesema vizuri, una meno mazuri. Lakini Bangui ina mdomo mpana, ikilia dunia inasikia. Sisi tukilia nani atasikia? Hao mabaharia wakipita wima, mimi benchi langu nitamkalishia nani? Mbuzi wa Sidoni?"

Watu wakacheka. Nikasimama nikasema namuunga mkono Eulali. Akina mama wote wakageuka kunitazama. Ni mara ya kwanza tangu tuwe majirani, na hata mbuzi si wangu.

Makunji akakohoa, akaamua kwamba msichana aweke alama zake, na Desemba itasema yenyewe. Blandini akashukuru. Alama ni madumu makubwa, mekundu na meupe, yamefungwa kamba na kuzamishwa mawe. "Madumu haya si yangu," alisema, "ni ya watu wa Kpala wote. Naomba muyatunze."

Tukapiga makofi. Tulilisikia neno hilo vizuri mno, kama itakavyoonekana.

Novemba 17

Madumu yamewekwa. Yanapendeza, nikubali. Mto umevaa shanga.

Novemba 18

Benchi la Eulali: miguu mitatu sasa.

Novemba 24

Blandini anakula kwangu kila siku. Nimejaribu kumpikia vibaya, nimeshindwa. Mkono una tabia zake. Leo amenisimulia kuwa mama yake anauza sabuni sokoni Bangui, na kila kiangazi, mafuta ya kuitengenezea yanapokosekana, hukaa kwenye kibanda kitupu akijipepea. "Huwa anasema anauza upepo," alisema.

Nilimwongeza samaki. Nimekuwa nikiifikiria Bangui kama mdomo mpana. Leo imekuwa mwanamke mmoja anajipepea. Inaudhi.

Novemba 28

Blandini amekwenda Bangui kuchukua taa za kufunga juu ya madumu. Mvua imekoma. Upepo wa vumbi umeanza, midomo imepasuka.

Desemba 2

Jana sherehe ya taifa, gwaride la watoto wa shule, hotuba ya Makunji. Leo Siku ya Pawa.

Kila mwaka, baada ya sherehe, akina mama wa mabanda huingia mtoni hadi magotini na kuyapiga maji kwa pawa za kupakulia, tukiyaimbia yakae: "Kaa, maji, umesimama sana, kaa upumzike." Yakikaa, meli hukwama, nasi tunakula. Mmoja huongoza, na huyo neno lake ndilo neno la mto hadi maji yapande tena. Hata Makunji hawezi kulipinga. Mwaka huu zamu ni yangu.

Niliyapiga vizuri. Eulali alisema nilikuwa kama mtu anayeua nyoka. Niliyapiga kwa ajili ya banda langu, na kwa ajili ya kofia fulani inayovuliwa ukingoni mara moja kwa mwaka. Kabla ya hapo niliamrisha mto usafishwe, kama mila inavyotaka: kila kinachoelea kikiwa kimefungwa kitolewe, ili maji yasiwe na cha kujishikilia yanapokaa. Vijana wakaingia na mitumbwi, wakatoa vibuyu vya mitego na magogo, wakavipanga mchangani. Kesho kila mvuvi atachukua kibuyu chake kwa alama yake.

Nimechoka. Mkono wa kulia haunyanyuki. Damu, sijui.

Desemba 3

Vibuyu vimechukuliwa. Vilivyobaki bila alama ya mwenyewe tumegawana. Nimepata madumu mawili mazuri ya kulowekea muhogo.

Desemba 5

Anselmi amepiga simu kutoka Impfondo. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Sido! Umesikia? Mkwe amefunguliwa mlango!"

"Nimesikia."

"Tumetangaziwa kwenye redio ya meli. Fuata madumu mekundu na meupe, usisimame! Unajua wenzangu wananiitaje? Nahodha wa Mwambani. Miaka yote hii, Desemba sijaiona Bangui hata kwa picha. Mwaka huu naiona, na matishari yangu yote, na chumvi yangu yote!"

"Hongera, baba."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Ni mtandao."

Haukuwa mtandao. Na hapo mtandao nao ukakatika, maana wakipita Impfondo wanaingia kwenye visiwa, na visiwani hakuna cha kupiga wala kupigiwa hadi wafike hapa.

Nikaweka simu chini. Nikageuka kugeuza muhogo. Nikaliona dumu. Jekundu na jeupe.

Ya watu wa Kpala wote, alisema. Muyatunze. Tumeyatunza, mwanangu. Yako jikoni.

Desemba 6

Maji yameshuka kiganja kizima. Upawa wangu una nguvu kuliko nilivyodhani. Nimelifunika dumu kwa gunia.

Desemba 7

Gunia halisaidii.

Desemba 8

Nimeshindwa kukaa na jambo hili peke yangu, na muuguzi hakusema nifanye nini daftari likijaa. Nimemwendea Eulali, fikiria nilivyokuwa.

Alikuwa anamimina mafuta ya mawese. Kwenye madumu. Sita, mekundu na meupe, yamepangwa kama kwaya.

"Eulali, hizo ni alama za meli."

"Zilikuwa," akasema. "Sasa ni mafuta."

"Anselmi anakuja. Ameambiwa afuate madumu."

"Hataona dumu, atasimama, kama kila mwaka. Mungu amekupikia, wewe unatafuta chumvi."

"Matatu ya upande wa chini wa mto yamebaki. Vijana waliogopa mkondo. Atayaona hayo matatu, ataingia mferejini, akifika katikati hakuna kitu. Mtu aliyeahidiwa mlango hupiga hodi hata ukutani, Eulali."

Akaacha kumimina. Ni mwanamke mgomvi, lakini si mjinga.

"Basi tuma mtumbwi umpokee kisiwani," akasema. "Aambiwe alama zimeharibika, afunge kamba kabla ya mwamba. Wewe unampata mumeo, sisi tunawapata mabaharia wake, msichana wa watu anarudi kwao na pikipiki yake. Nani ameumia hapo?"

Nilirudi kukatakata koko. Nimekata nyingi mno, na wateja hakuna.

Desemba 10

Jana sikuandika, mikono ilikuwa na mafuta. Leo nitaandika yote.

Jana mchana Blandini alirudi, vumbi hadi kwenye kope, taa zimefungwa nyuma ya pikipiki. Alikuja moja kwa moja kwangu. Kabla hata hajaketi akaona lile dumu, maana gunia nililitumia kukalia.

"Mama. Hilo dumu..."

"Lina muhogo," nikasema. Kwa umri wangu huu, hilo ndilo jibu nililoweza.

Akatoka kwenda ukingoni, akautazama mto. Nikamfuata na kigoda, nikijua atakihitaji. Alikaa. Nilitegemea atapiga kelele, nami ningejua la kufanya, kelele nimezizoea. Hakupiga. Alisema polepole, kama anayejisomea, "Nimewaambia wapite. Kwenye redio ni sauti yangu, mama. Mimi ndiye niliyewaambia wasisimame."

Ngoma ya Makunji ikalia, tukakusanyika. Kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake, maana hakuna jiko lisilokuwa na dumu. Mvuvi mmoja aliyetoka upande wa chini wa mto akasema ameuona moshi wa msafara nyuma ya kisiwa kirefu. Kesho asubuhi na mapema wako hapa. Makunji akakohoa. Akasema inaonekana njia nyepesi ni mtumbwi uende ukawasimamishe, wakae hadi maji yapande, na mambo ya alama tuyaangalie mwakani. Mabanda yote yakaitikia. Hata Blandini hakubisha. Alikuwa anatazama buti zake.

"Lakini," Makunji akasema, akinigeukia kwa raha ya mtu anayetua mzigo, "mwenye upawa mwaka huu ni Mama Sidoni. Neno la mto ni lake."

Kumbe. Mila hiyo nilikuwa naipenda hadi jana.

Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria watu wa Bangui. Nilimfikiria yule mama wa sabuni anayejipepea, ni kweli, lakini kwa muda mfupi. Nilichofikiria hasa ni ile sauti ya kijana kwenye simu. Na nikaona wazi kabisa itakavyokuwa nikimsimamisha: atapanda ukingo, atavua kofia, atasema maneno yake, watu watacheka, nami nitampakulia. Atakula hadi Aprili. Nami hadi kufa sitajua kama ni mwamba au ni mimi.

"Mtumbwi uende," nikasema. "Lakini umwambie asubiri hadi asubuhi kukuche vizuri. Si hadi Aprili. Na sasa hivi kila mtu aende jikoni kwake."

Eulali akaninyooshea kidole. "Sidoni, umerogwa!"

"Labda. Leta madumu."

Sijawahi kuona mji ukiona haya namna ile. Madumu yalitoka na siri zake: moja lilikuwa na pombe ya mtama, ya mwalimu wa katekisimu. Moja lilikuwa limekatwa nusu, mtoto anaogeshwa ndani, ikabidi libaki lilipo. Makunji alituma lake kwa mlango wa nyuma. Tulipoliona mchangani kila mtu akauliza la nani, na hakuna aliyejibu, kwa heshima.

Yakabaki ya Eulali. Alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mafuta yangu nitayatia wapi? Kwenye masikio yako?"

"Kwenye sufuria zangu."

"Zipi?"

"Zote."

Alinitazama. Anajua maana ya mwanamke wa banda kutoa sufuria zake zote: kesho hapiki, na keshokutwa labda hapiki. Akaingia ndani, akatoka na dumu la kwanza begani, akaanza kumimina mwenyewe. Tulimimina pamoja hadi tukateleza. Alipoteleza mara ya pili alinishika, tukaanguka wote wawili kwenye lile benchi lake jipya, nalo likavunjika. Miguu iliyovunjika ni ile ya upande wangu. Tulicheka hadi Blandini akaja kuona nani amekufa.

Alfajiri Blandini na wavuvi walikuwa tayari mferejini, yeye amekaa mbele ya mtumbwi na karatasi zake, akionyesha kwa mkono, hapa, hapa, rudi kidogo, achia. Mawe yalizama, madumu yakasimama moja baada ya jingine, yaking'aa mafuta. Tulilokosa, lile la mtoto, mahali pake tuliweka sufuria yangu kubwa, iliyobaki bila mafuta, imefunikwa na kufungwa kwa kitambaa chekundu. Nami niliingia majini hadi magotini, upawa mkononi. Sikujua wimbo, hakuna anayejua, haujawahi kuwepo. Niliyaambia tu: "Simameni. Nilisema kaeni, nimekosea, simameni kidogo tu." Nyuma yangu nikasikia mwingine anaingia. Eulali. "Usiyabembeleze," akasema, "yaamrishe." Akaanza kuyafokea maji kama anavyonifokea mimi, na nadhani yalishtuka.

Jua lilipopanda juu ya miti, msafara ukatokea. Matishari manne yamefungwa mbele, meli nyuma inanguruma. Mji mzima ukingoni. Ukaingia mferejini polepole sana, ukiinama upande kama inavyotakiwa mbele ya Mkwe. Ukapita dumu la kwanza, la pili. Mahali penye sufuria yangu uligusa kitu. Chuma kililia, mimi nikakaa chini kwenye maji. Kisha meli ikavuta pumzi, mkia wa tishari la mwisho ukageuka, na wakawa upande wa pili. Wameupita mwamba! Desemba!

Blandini alikuwa analia kwa sauti kama mtoto. Eulali alikuwa anapiga vigelegele, yeye aliyesema tutakufa njaa. Mimi nilikuwa bado nimekaa majini, upawa mapajani.

Dirishani mwa meli mkono ulitoka, umeshika kofia. Ukaipunga, ukaipunga. Honi ikalia kwa muda mrefu.

Hawakusimama. Ndivyo tulivyotaka.

Desemba 11

Sufuria ziko kwa Eulali. Tumekula kwake. Kisamvu chake kina chumvi nyingi. Nimekiandika, sikukitamka.

Desemba 15

Maji yameshuka. Mgongo wa Mkwe uko nje, ndege wamekaa juu yake. Hakuna meli. Banda langu lina mimi.

Desemba 19

Blandini amepata habari kwa simu: chumvi Bangui haijapanda. Mama yake ana mafuta ya sabuni. Amenikumbatia. Nikamwuliza kama msafara una habari. "Wanapakua bado, mama." Akanitazama kidogo. Nilijifanya natafuta kijiko.

Desemba 25

Kanisani. Eulali aliniombea kwa sauti ya juu, akanitaja kwa jina, "na mumewe aliyeiona Bangui." Ana roho nzuri mtu huyu, ila ina kelele.

Desemba 29

Alipiga simu. Kelele za gati nyuma, kreni. Amesema Bangui ni kubwa, mkate ni ghali, anazungumza jambo na wakubwa wa meli. Jambo gani? Mtandao ukakatika. Safari hii ulikuwa mtandao kweli.

Januari 7

Leo limetokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, isipokuwa Blandini, ambaye alikwisha kulisema na hakuna aliyesikiliza.

Msafara umeshuka kutoka Bangui. Hapo hapo nilipojiambia utatupita, ukafunga kamba. Nahodha wake, mtu mnene nisiyemjua, akapanda ukingo akauliza, "Kahawa iko wapi?" Kahawa? Kaka yake Eulali na watu wa mashamba ya nyuma walikuwa wamesikia meli zinapita kwa tarehe, wakaleta magunia kwa mikokoteni, na mawese, na samaki wa moshi, na majani ya koko yaliyofungwa mafungu. Wapakiaji walitoka kila kijiji. Wapakiaji wanakula. Wenye mikokoteni wanakula. Wanunuzi wanakula na kulalamika, yaani wanakula mara mbili. Ilibidi nimwombe Eulali sufuria zangu mbio, naye akaja nazo mwenyewe, akaosha sahani kwangu kwa sababu kwake mabenchi yamejaa.

"Sidoni," akasema, mikono ndani ya povu, "mtu aliyekwama hununua sahani moja."

"Ndiyo."

"Anayepita hununua gunia."

Tukaendelea kuosha. Miaka yote hii tumekuwa tukiyapiga maji.

Jioni nilimwuliza yule nahodha mnene kuhusu Anselmi. "Anselmi? Huyo hayupo kwenye msafara wowote," akasema. "Meli yake nimeiona inashuka nyuma yetu, lakini usukani ameshika mwingine."

Nimeandika alivyosema. Sijui linamaanisha nini. Najua linavyoweza kumaanisha.

Januari 9

Meli yake ilipita, ikapakia, ikashuka. Usukani ameshika mwingine. Nilimpa chakula huyo mwingine. Hana kosa.

Januari 10

Koko. Ugali. Vumbi.

Januari 12

Benchi la Eulali limetengenezwa. Miguu yote minne iko upande wangu. Nimeliacha lilivyo.

Januari 14

Leo mchana nilikuwa nimeupa mto mgongo, nachochea moto, niliposikia pikipiki barabarani, upande wa Bangui, upande ambao, ukimtoa Blandini, hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kutokea. Nikadhani ni Blandini. Sikugeuka.

"Mama."

Nikageuka. Alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye meno, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki ya watu, mfuko wa chumvi begani. Aliniambia baadaye kwamba jambo alilokuwa akizungumza na wakubwa ni hili: sasa misafara inapita hapa kiangazi chote, inahitaji mtu wa kukaa Kpala, kuipokea upande wa chini wa kisiwa na kuipitisha mferejini. Wengine walikataa, nani atakaa kwenye mwamba? Yeye aliomba. Aliomba kabla hawajamaliza kusema. Lakini hayo ni ya baadaye.

Wakati ule alisimama tu pale. Nyuma yake barabara kavu, hakuna meli, hakuna tishari, wala baharia mmoja. Mto ulikuwa kando yetu, mtupu, na njia yake wazi. Eulali na mabanda yote walikuwa wamesimama, pawa zinachuruzika mchuzi.

Akavua kofia.

"Mama," akasema, "nimekwama. Kuna chakula?"

Kwa miaka kumi na miwili mji huu umecheka akisema hivyo. Leo hakuna aliyecheka. Nilimpakulia. Nilipakua hadi sahani ikafurika, na nikaendelea kupakua, hadi Eulali akanishika mkono akauchukua upawa.

Januari 15

Muuguzi amepima damu. Amepima tena, hakuamini. Ameniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeandika.

Januari 16

Maji yameshuka sana. Sina la kuandika.